Karatasi za mama: kutoka Newala hadi ubalozini

Mama amepata viza ya kuhamia Marekani. Tangu habari ienee hapa Newala mjini, watu wanaokuja dukani kwangu kutoa kopi wananipa hongera, halafu wanainama juu ya kaunta na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mlipita kwa nani?" Wanataka jina la wakala na kiasi alichochukua. Hatukupita kwa mtu. Maombi aliyatuma dada yangu mwenyewe, karatasi za huku nilizishughulikia mimi, na kila ada ilikwenda serikalini. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona wazee wa watu wakiuza mikorosho ili wamlipe mtu anayedai ana ndugu yake ubalozini.

Dada anaishi Columbus, Ohio, na mumewe na watoto wao wawili. Alikaa miaka na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, baadaye akala kiapo cha uraia wa Marekani. Hiyo ina maana uraia wa Tanzania umeondoka, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na jambo hilo liliwaliza sana watu wa nyumbani. Lakini ndilo lililofungua mlango wa mama. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumwombea mume, mke au mtoto, mzazi hapana. Raia aliyetimiza miaka 21 ndiye anayeweza kumwombea baba au mama, na mzazi wa raia huwekwa kwenye kundi la ndugu wa karibu kabisa, ambalo halina ukomo wa idadi kwa mwaka. Wakati wetu, ombi lilipokubaliwa hapakuwa na foleni ya kusubiri viza ipatikane.

Dada alipopiga simu kwa furaha akisema anajaza fomu I-130, ile ya raia kumwombea ndugu yake, usiku uleule, nilimwomba asitume chochote kwanza. Nilitaka tuzitandaze mezani karatasi zote za mama tuzisome pamoja, mimi nikiwa na halisi huku, yeye na picha zake kule. Tatizo nilikuwa nalijua. Duka langu ni la steshenari, kila wiki napiga chapa barua za watu ambao cheti kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile.

Mama kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ni Fatuma. Kwenye kadi ya mpiga kura ni Fatuma. Ila hapa kwetu ukimuulizia Fatuma utapelekwa nyumba nyingine. Yeye ni Somoe, jina la bibi yake alilorithishwa, na mwaka 1984 alipojifungua dada hospitalini, aliyemsindikiza alipoulizwa jina la mama wa mtoto akalitaja analolijua. Likaandikwa. Cheti cha kuzaliwa cha dada, ambacho ndicho kinachobeba ombi zima kwa sababu ndicho kinachoonyesha nani kamzaa nani, kinasema mama yake ni Somoe Selemani. Sasa fikiria ofisa aliyeko Marekani, hajawahi kufika Newala wala hatafika: mbele yake yupo mtoto wa Somoe anayemwombea Fatuma.

Wapo waliotushauri tuombe cheti cha dada kirekebishwe. Utaratibu wa marekebisho upo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wengine unafaa. Sisi tuliuacha. Cheti kilichotolewa upya wakati maombi yanaandaliwa, chenye jina linalolingana ghafla na pasipoti, kinaamsha maswali. Cha zamani, chenye jina la Somoe na tarehe yake ya miaka mingi, ni ushahidi wa kitu kilichotokea kweli. Kazi iliyobaki ilikuwa kuonyesha kwamba Somoe na Fatuma ni mtu mmoja, na kwa hilo ushahidi ulikuwa umejaa kijijini.

Tulianza na kiapo cha mama mwenyewe mbele ya wakili, akitaja majina yote mawili na sababu ya kila moja. Ikafuata barua ya mtendaji wa kijiji. Halafu nikaenda AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mama anauza korosho zake huko miaka yote, na katika kumbukumbu zao za zamani yumo kama Somoe, wakati kwenye usajili wa siku hizi unaotumia kitambulisho yumo kama Fatuma, mashamba yaleyale, kijiji kilekile. Katibu alinipa barua yenye mhuri inayoeleza hivyo. Kwa mtazamo wangu karatasi ile ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote, maana haikutengenezwa kwa ajili ya viza. Tukaongeza rejesta ya shule ya msingi ya dada na picha za miaka tofauti wakiwa pamoja.

Vilihitajika pia viapo vya watu wawili wanaojua kuzaliwa kwa dada. Wamarekani wanataka kiapo cha namna hiyo kimtaje muapaji jina kamili, anuani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake na wahusika, na hasa kieleze alijuaje anachokisema. "Namfahamu vizuri" haitoshi. Mmoja wa waapaji alikuwa mama mkubwa, dada wa mama wa tumbo moja. Huyohuyo aliapa pia juu ya kuzaliwa kwa mama. Tulimleta kwa bodaboda hadi ofisi ya wakili, amejifunga kanga mpya. Hajui kusoma, kwa hiyo wakili alimsomea mstari kwa mstari. Alipofika penye "namfahamu Fatuma tangu utoto wake" mama mkubwa akanyanyua mkono.

"Hapana, mwanangu. Nimemfahamu kabla hajapewa jina. Nilikuwa nimeshachezwa unyago, nikatumwa maji, narudi nakuta mtoto analia. Uhuru umeshapita na korosho bado zinaokotwa. Jina la Somoe kapewa siku alipotolewa nje. Hilo la Fatuma kaandikishwa nalo shule. Andika hivyo."

Wakili akaandika hivyo. Mama mkubwa akasomewa tena, akaitikia kila sentensi, ndipo akabonyeza dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi kwa uzito wote wa mkono, akiiangalia alama yake mpaka ikakauka. Nimepiga chapa viapo vingi katika maisha yangu na sijaona kingine kilichoeleza jambo wazi namna ile.

Mama hakuwa na cheti chake cha kuzaliwa, kama wazee wengi waliozaliwa nyumbani. Usajili wa waliochelewa hufanyika kwa msajili wa wilaya, yaani ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ukipeleka kiapo, barua ya mtendaji na nyaraka za zamani zinazoonyesha umri. Tulishika tarehe ileile iliyoko NIDA, tarehe 1 Januari 1962, ambayo inakaa vizuri na maneno ya mama mkubwa. Wazee wengi wana tarehe za kukadiria na hakuna anayewalaumu. Kinachoharibu ni kuwa na tarehe tatu tofauti. Na kwa kuwa cheti cha kuchelewa peke yake hakiwashibishi Wamarekani, nacho kilikwenda na viapo vyake.

Pasipoti ilileta swali ambalo watu wa mpakani tunalijua. Babu mzaa mama alivuka Ruvuma akitokea Msumbiji, na Wamakonde tuko pande zote mbili za mto. Afisa alitaka kujua uraia wa mama umetoka wapi, na hilo ni haki yake kuuliza. Tulikuwa tumejiandaa: bibi alizaliwa hapahapa Newala, na mama amezaliwa Tanganyika baada ya tarehe 9 Desemba 1961, ambapo sheria ilimpa uraia kwa kuzaliwa karibu kila aliyezaliwa nchini. Tulipeleka kiapo cha kuzaliwa kwa bibi tukaeleza kwa utulivu. Ukiwa na mzazi wa ng'ambo ya mto, usifiche wala usibabaike. Andaa upande wa mzazi wa huku. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ilikuwa shilingi 150,000.

Yote hayo yalitangulia. Ndipo mwaka 2022 dada akatuma I-130 kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS, akaambatisha cheti chake cha uraia, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kwa kuwa alibadili ubini, na lile furushi la Somoe. Wakati huo ada ilikuwa dola 535. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 imepanda hadi dola 675 kwa fomu ya karatasi na 625 kwa njia ya mtandao. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiende USCIS na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atie saini akithibitisha kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba lugha zote mbili anaziweza. Si lazima awe wa kampuni. Yetu aliifanya mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu asiye wa familia, naye akatafsiri hadi maneno ya ndani ya mihuri.

Dada alikuwa tayari kwa kipimo cha vinasaba kama kingependekezwa. Hakikupendekezwa. Ombi likakubaliwa mwaka 2023 bila kuombwa ushahidi wa ziada, na mimi naamini barua ya AMCOS na kiapo cha mama mkubwa vilifanya kazi yake.

Baada ya hapo faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichopo Portsmouth, New Hampshire. Huko hulipwa dola 325 za maombi ya viza na dola 120 za kukagua hati ya udhamini, kisha hujazwa fomu ya maombi ya viza, DS-260, mtandaoni na kupandishwa nyaraka. Hapa ujuzi wa steshenari ulinisaidia: kila hati faili lake, pande zote mbili kama nyuma kuna mhuri, maandishi yasomeke hadi pembeni. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hairudishi kitu isipokuwa maswali.

Hati ya udhamini, I-864, ndiyo watu wengi hawaielewi, na ndugu zetu walioko kule huona aibu kuisema. Anayekuombea lazima aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yao kila mwaka, kulingana na ukubwa wa kaya, na mama anahesabiwa ndani ya kaya hiyo. Dada, mumewe, watoto wawili na mama ni watu 5. Kwa mwaka 2023 ilitakiwa dola 43,925. Mshahara wa dada wa kuhudumia wazee haukufika, ukaunganishwa na wa shemeji anayeishi naye nyumba moja. Ingekuwa bado haifiki, angetafutwa mdhamini mwenza aliye raia au mwenye kadi ya kijani. Na sahihi hiyo inamfunga mtu: haifutwi mpaka mama awe raia, au zitimie robo mwaka 40 za kazi zinazohesabika kwake, karibu miaka 10, au aondoke moja kwa moja, au afariki. Kwa hiyo ndugu yako akikwambia "subiri kwanza mambo yakae sawa", usimtangaze kijijini kwamba amewasahau. Huenda anahesabu dola.

Kilichotutoa jasho huku ni cheti cha polisi, kwa sababu kinahitaji alama za vidole. Mama amebangua korosho kwa mkono tangu akiwa msichana. Mafuta ya ganda la korosho yanakula ngozi, na ncha za vidole vyake zimekuwa laini na nyeusi, mistari imefutika. Kidole cha kwanza kikatoka doa tupu. Afande hakukasirika. Alimwambia, "Shikamoo mama, tutaenda taratibu," akaleta maji ya uvuguvugu na kitambaa, akamfuta kidole kimoja kimoja, akapunguza wino, akavizungusha yeye mwenyewe toka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. Kidole cha shahada cha kulia kilirudiwa mara nyingi kuliko vyote. Mama alikuwa akivitazama vidole vyake kimya. Nikamwambia hivyo ndivyo vilivyotusomesha. Ni kweli, na nilitaka afande naye asikie. Kama mzee wako ni mbanguaji au mwashi, mpake mafuta mikononi kila usiku kwa majuma kadhaa na mwondolee kazi hizo kabla ya siku ya alama za vidole.

Usaili ulipangwa Mei 2024, ubalozi wa Marekani, Msasani, Dar es Salaam. Kipimo cha afya lazima kifanywe kabla, na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu: picha ya kifua kuangalia kifua kikuu, damu, chanjo. Niliamua twende Dar mapema, tufikie kwa binamu Mbagala, tumalize vipimo bila haraka. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama huku na huku. Tulikuwa tumeshafika. Mtu wa kusini mwenye miadi Dar msimu wa mvua asipange kufika siku moja kabla. Barabara ni moja.

Siku yenyewe mama aliingia peke yake, mimi nikabaki nje. Nilikuwa nimempangia nyaraka halisi kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi, na usiku uliotangulia tulikaa tukazungumza juu ya dada, bila kukaririshana: anafanya kazi gani, shemeji anatoka wapi, wajukuu wana umri gani, nani alilipa ada. Anavyosimulia, ofisa alizungumza naye kwa Kiswahili. Alimuuliza watoto wake wote kwa majina, kisha akasema, "Na Somoe ni nani?" Mama akajibu, "Somoe ni mimi. Fatuma ni mimi wa shuleni." Ofisa akafunua viapo, akasoma kidogo, akamuuliza mama mkubwa bado yu hai. Mama akasema yu hai na anamwombea dua muda huuhuu. Akaambiwa viza imekubaliwa, pasipoti aiache.

Sasa kuna jambo ambalo mawakala hawawaambii wazee, nami nilimweleza mama kabla hata I-130 haijatumwa. Kadi ya kijani ni ukaazi. Kwa mzazi wa raia hutolewa ya miaka 10, lakini wanataka uishi kule kweli. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 utahojiwa unaporudi, na ukipitisha mwaka bila kibali maalumu cha kurejea, fomu I-131, ambacho huombwa ukiwa bado ndani ya Marekani, unaweza kuupoteza. Mama alifikiri atakuwa anakuja kila msimu, akae Oktoba hadi korosho ziishe, arudi. Inawezekana, maana msimu hauzidi miezi 6, ila nauli ni mzigo na makao yake yatakiwa yawe Ohio. Aliomba muda wa kufikiri. Akaenda kukaa kwa mama mkubwa siku chache, aliporudi akasema anataka kuwaona wajukuu wakikua, na shamba nitalisimamia mimi kwa jina lake. Kama angesema hapana, tungemwombea viza ya matembezi na ningelala vizuri. Mzee anayetaka kusalimia tu asipewe kadi ya kijani.

Naandika Septemba 2024 na safari ni Oktoba, kabla viza haijaisha muda. Dada ameshalipa dola 235 za kutengenezewa kadi yenyewe. Kinachotushughulisha ni bima ya afya. Mama ana presha, na mhamiaji mpya kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kuingia kwenye matibabu ya Medicaid ya serikali. Bima ya kununua ipo, na dada anaipigia hesabu kila jioni.

Wiki iliyopita aliniuliza kama anianzie na mimi. Kaka, dada na mdogo wa raia wana kundi lao, lakini lina ukomo wa viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na mwaka 2024 lilikuwa linawahudumia waliotuma maombi mwaka 2007. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9. Zamu ikifika atakuwa ameshapita 21 na hataingia kwenye ombi langu. Nimemwambia dada hiyo ada aiweke kwenye bima ya mama.